"Huo si utu": je, maadili yanatoka katika dini, au katika akili na huruma?

Mzazi wa Korogwe

Ndugu zangu, naomba msaada wa mawazo katika jambo lililonishinda nyumbani. Binti yangu ana miaka 14, na wakati wa likizo humsaidia bibi yake mzaa mama kuuza vitumbua asubuhi. Wiki mbili zilizopita alikuja mzee mmoja ambaye macho yake yameingia ukungu, akanunua vitumbua vya shilingi 1,000 na kutoa noti ya elfu kumi huku akiamini kwamba ni ya elfu mbili. Binti alimrudishia shilingi 1,000, akabaki na 8,000 zisizo zake, na hakumwambia mtu. Habari ilijulikana jioni ileile, kwa kuwa mtoto asiyezoea kushika fedha hajui pa kuzificha.

Familia yetu ni ya dini mbili, kama zilivyo nyingi huku Tanga. Bibi huyo ni Mwislamu asiyekosa swala, na baba yangu mimi ni mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Wanaishi vijiji viwili tofauti, na hawakuwa wamezungumza kabla ya kumkanya mtoto. Bibi alimwambia, "Mjukuu wangu, huo si utu." Siku mbili baadaye babu yake, alipopata habari, alimwambia maneno hayohayo: "Huo si utu." Hakuna hata mmoja aliyetaja dhambi, wala moto, wala jina la Mungu. Fedha zilirudishwa, na mimi nikadhani kwamba jambo limekwisha.

Halikwisha, kwa sababu binti amenishika kwa maswali mawili. La kwanza, kama wizi ni mbaya kwa kuwa Mungu ameukataza, kwa nini wazee wawili wacha Mungu walisahau kumtaja siku ambayo wangepaswa kumtaja kuliko siku nyingine zote? La pili ndilo linaloninyima usingizi: kama Mungu asingeukataza wizi, je, angeruhusiwa kubaki na zile shilingi 8,000? Miaka yote nimemfundisha kwamba dini ndiyo msingi wa maadili, na kwamba asiyemwogopa Mungu hana kinachomzuia. Sasa sijui nimjibu nini ambacho si kumfunga mdomo tu. Naomba wenye elimu ya dini na wasio nayo wanisaidie, ila bila matusi kwa upande wowote.

Ustadh wa Makorora

Assalaam alaykum, na amani kwa wasiotumia salamu hiyo. Mwambie binti yako kwamba swali lake la pili liliwagawa wanachuoni wakubwa wa Kiislamu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kwa hiyo asione haya kuliuliza na wewe usione haya kulishindwa.

Watu wa Muutazila, waliokuwa na nguvu huko Basra na Baghdad, walisema kwamba akili ya mwanadamu hutambua yenyewe kuwa dhuluma ni mbaya na ukweli ni mzuri, na kwamba wahyi, yaani ufunuo wa Mungu, huja kuthibitisha na kukamilisha yale ambayo akili imekwisha kuyaona. Abulhasan Al-Ashari, ambaye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wao kwa miaka mingi kabla ya kuwaacha, alifundisha kinyume chake: tendo halina uzuri wala ubaya wa kumfunga mtu mpaka Sheria iseme, kwa sababu Mwenyezi Mungu hawekewi mipaka na akili za viumbe vyake. Al-Maturidi wa Samarkand alipita katikati, kwa kuikubalia akili uwezo wa kuona uzuri na ubaya wa mambo mengi. Sisi watu wa mwambao tunaofuata madhehebu ya Shafi tumesomeshwa itikadi ya Ashari katika madrasa zetu, hata kama wengi wetu hatukuambiwa jina lake.

Ukifuata jibu la Ashari kwa ukali wake, binti ataambiwa kwamba kama Sheria isingekataza, zile fedha zisingekuwa haramu kwake. Wengi wakisikia hivyo hushtuka, na wanapaswa kushtuka. Lakini nataka uone jinsi Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na ambaye ni miongoni mwa vigogo wa njia hiyohiyo ya Ashari, alivyolishughulikia pingamizi hili, kwa maana hapo ndipo pana utamu wa mjadala. Wapinzani walimwambia: mchukulie mtu asiyefuata dini yoyote, anayepita jangwani na kumkuta mwenzake anakaribia kufa, hakuna anayemwona, hatarajii sifa wala malipo, na bado anamwokoa. Kama uzuri hautoki katika akili, unatoka wapi? Ghazali hakukana kwamba mtu huyo atamwokoa mwenzake. Alisema kwamba kinachomsukuma ni ulaini wa moyo ambao binadamu huwa nao kwa aliye wa jinsi yake, kwa sababu hujifikiria yeye mwenyewe akiwa katika hali ile huku mwingine akimpita bila kumjali, na fikra hiyo humuuma, naye huokoa ili kuondoa maumivu hayo. Hayo mnayoyaita leo huruma, au kujiweka katika nafasi ya mwingine, yeye aliyaeleza karne tisa zilizopita, tena kwa undani.

Ila hakuishia hapo, na hapa ndipo ninaposimama mimi. Alisema kwamba ulaini huo ni tabia tu, na tabia haiwi wajibu. Mtu ambaye moyo wake hauumii utamwambia nini? Utamwambia kwamba anakosa hisia, naye atakujibu kwamba kweli anazikosa na kwamba analala vizuri. Ili umwambie kwamba amekosea, unahitaji mwenye haki ya kumwamrisha, na kwetu sisi huyo ni Mwenyezi Mungu. Bibi hakumtaja kwa sababu hakuhitaji kumtaja. Mtu aliyeswali alfajiri hana haja ya kuanza kila sentensi kwa aya. Neno "utu" katika kinywa chake limekwisha kubeba dini ndani yake.

Bint Kisauni

Ustadh, shukrani kwa darasa, hasa kwa habari ya Ghazali, ambayo nimeisoma mara mbili. Mimi nililelewa chuoni, yaani madrasa, huko Mombasa na siku hizi siswali, kwa hiyo mtanipima mnavyotaka. Mnaoona kwamba maadili hayasimami bila Mungu mko wengi: katika utafiti wa Pew Research Center uliotolewa mwaka 2020 kuhusu nchi 34, watu 95 kati ya kila 100 waliohojiwa Kenya walisema kwamba ni lazima kumwamini Mungu ili mtu awe na maadili mema, na Sweden walisema hivyo 9 tu. Sijasikia kwamba wazee wenye macho hafifu huibiwa zaidi Sweden kuliko kwetu Kongowea, Mombasa.

Hoja yangu, hata hivyo, si ya takwimu. Unasema kwamba dini imo ndani ya neno utu. Mimi naona kinyume: utu ndio kipimo tunachokitumia kuisoma dini yenyewe, na ushahidi uko hapahapa pwani yetu. Vitabu vyote viwili vya familia hiyo ya Korogwe vinaweka kanuni za utumwa, havikuufuta. Karne baada ya karne, watu waliosali kwa dhati walinunua na kuuza watu Unguja, na kadhi aliandika hati. Soko la Mkunazini lilifungwa Juni 1873 baada ya Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, kutia saini mkataba chini ya tishio la manowari za Kiingereza, na kanisa kuu la Anglikana likajengwa palepale. Amri ya kufuta hadhi ya utumwa ilikuja mwaka 1897, nayo ikawaacha masuria nje hadi 1909. Kwetu mwambao wa Kenya tulingoja hadi 1907. Wala sitaki mtu aniambie kwamba Waingereza walifanya hivyo kwa sababu ya Biblia, maana Biblia ileile ilikuwa mikononi mwa mababu zao walipokuwa wakijaza meli za watumwa kwenda Amerika.

Leo hakuna shehe wala askofu katika pwani hii atakayesimama kuutetea utumwa. Aya hazikubadilika. Kilichobadilika ni macho ya wanaozisoma, na macho hayo hayakutoka katika aya.

Mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, aliyefariki mwaka 2022, aliandika juu ya Waakan wa kwao kwamba wanamwamini Mungu kabisa, lakini wanapotaka kujua kama jambo ni jema huangalia linamletea binadamu nini, bila kungoja ufunuo. Tanzania yenyewe ni mfano. Ahadi za mwanachama wa TANU zilianza kwa "Binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja", zikaendelea kwamba cheo ni dhamana na kwamba rushwa ni adui wa haki, na hakuna mahali zilipotaja dini. Nyerere alikuwa Mkatoliki asiyekosa misa, lakini alijua kwamba anaongea na watu wa misikiti, makanisa na mizimu kwa pamoja, na wote walielewa anasema nini. Kama maadili yangehitaji dini moja kuwa chini yake kama msingi wa nyumba, sentensi ile ingekuwa kelele tupu kwa nusu ya wasikilizaji.

Fundi Seremala

Mimi sina elimu ya hao wote waliotajwa. Ninachojua ni kwamba mwanafunzi wangu wa kazi ambaye haibi misumari kwa kuogopa Jehanamu, na yule ambaye haibi kwa kunionea huruma, wote nawapenda. Ninayemhofia ni yule anayeweza kunieleza kwa ufasaha, kwa aya au bila aya, kwa nini misumari ile haikuwa wizi.

Ustadh wa Makorora

Dada wa Kisauni, umenibana mahali pa kweli, na sitajificha nyuma ya maneno ya kwamba Uislamu ulihimiza kuwaacha huru watumwa, ingawa ni kweli ulihimiza, na kafara nyingi ni kumwacha huru mtumwa. Nakubali kwamba mlango ulikuwa wazi kwa miaka zaidi ya elfu moja na kwamba sisi wenyewe hatukupita mpaka tuliposukumwa. Hilo ni doa letu, na si la Kitabu.

Lakini nakurudishia swali. Walionunua watu Mkunazini hawakukosa akili, kwa kuwa biashara ile ilihitaji hesabu kubwa, wala hawakukosa huruma, kwa kuwa waliwalilia watoto wao walipofiwa. Kama akili na huruma zinatosha, zilikuwa wapi? Unanidai mimi kwa karne za dini, nami nakudai kwa karne hizohizo za akili na huruma. Na usiusahau Waraka kwa Warumi, sura ya pili, ambapo Paulo anasema kwamba watu wa mataifa wasio na Torati huonyesha kuwa matakwa yake yameandikwa mioyoni mwao. Babu wa Korogwe atakuwa anaujua. Hata Wakristo hawakusema kwamba mtu asiye na kitabu ni gogo.

Mwalimu Mstaafu, Gisenyi

Nawasalimu kutoka Rwanda. Nimesita kuandika, kwa sababu mnajadili shilingi 8,000 na mimi nitaleta jambo zito kuliko meza yenu inavyoweza kubeba, lakini swali la mwisho la Ustadh limenilazimisha.

Mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, karibu Wanyarwanda tisa katika kila kumi walijihesabu kuwa Wakristo. Watu walikimbilia makanisani kwa sababu katika machafuko ya zamani makanisa yalikuwa yamewaokoa. Safari hii, Ntarama, Nyamata na Nyange, ndimo walimouawa. Huko Nyange, Aprili 1994, kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu waliojificha ndani, na paroko wa mahali hapo, Athanase Seromba, alitiwa hatiani na mahakama ya kimataifa iliyokaa kwenu Arusha; mwaka 2008 rufaa ilimwongezea kifungo kutoka miaka 15 hadi maisha. Mtu huyo alikuwa na theolojia kichwani kuliko sisi sote hapa.

Anayefikiri kwamba kilichokosekana kilikuwa akili, naye ajue kwamba mauaji yale yalipangwa kwa akili nyingi: orodha za majina, vizuizi barabarani, vitambulisho vilivyoandikwa kabila tangu enzi za Wabelgiji, na redio iliyojua saa ya kupiga muziki na saa ya kutaja majina. Kuhusu huruma, wauaji walikuwa nayo. Walirudi nyumbani jioni wakawabeba watoto wao. Ule ulaini wa moyo kwa aliye wa jinsi yako, ambao Ustadh ameueleza kutoka kwa Ghazali, una maneno mawili ya hatari ndani yake, nayo ni "jinsi yako". Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, magazeti na baadaye redio vilikuwa vikiwaita Watutsi *inyenzi*, yaani mende. Ukishamfundisha mtu kwamba aliye mbele yake ni mende, huna haja ya kumwondolea dini, akili wala huruma. Vyote vitatu vitabaki naye vikiwa vizima, na havitamgusa yule aliye mbele yake. Nimewasikiliza watu wakitafuta nani alikuwa na kosa kati ya Kanisa, wasomi na wanasiasa, na kila mara naona kwamba wanauliza chombo gani kilivunjika, wakati vyombo vyote vilikuwa vikifanya kazi.

Waliokataa nao hawakufanana. Félicité Niyitegeka, hapa Gisenyi, alikuwa mtumishi wa Kanisa. Alipata nafasi ya kujiokoa akakataa kuwaacha aliowaficha, akauawa pamoja nao. Zura Karuhimbi, bibi mganga wa kienyeji aliyefariki mwaka 2018, aliokoa watu zaidi ya 100 waliojificha kwake kwa kuwatisha wanamgambo kwamba mizimu ingewaangukia wakiingia. Aliwaachia waamini kwamba ni mchawi na hakujali jina hilo. Nikimuuliza dada wa Kisauni kama huo ulikuwa ushindi wa akili dhidi ya dini, na nikimuuliza Ustadh kama ulikuwa ushindi wa dini, nadhani wote wawili watanyamaza kidogo, kwa sababu silaha ya bibi yule ilikuwa ushirikina wa wauaji wenyewe.

Tena nirudi palepale Nyange. Machi 1997, washambuliaji waliingia usiku katika shule ya sekondari ya hapo, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walijibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda, wakakataa kujitenga, na baadhi yao wakauawa kwa jibu hilo. Ni kitongoji kilekile, miaka mitatu baadaye. Sijui kama walikuwa wakimfikiria Mungu au wanafikiria mwenzao wa dawati. Ninaloliona ni kwamba walikataa sentensi moja tu, ile inayosema ni nani anahesabiwa na ni nani hahesabiwi. Ninyi Waswahili mna bahati kwamba neno lenu la maadili limetoka moja kwa moja katika neno *mtu*. Kwa hiyo swali ambalo ningependa mzazi amuulize binti si kwamba utu unatoka wapi, bali yule mzee mwenye macho hafifu, siku ile, alikuwa nani machoni pake.

Bint Kisauni

Shikamoo Mwalimu. Nimenyamaza, kama ulivyosema. Nitabaki na neno moja tu: watoto wale wa Nyange walikuwa wakijua wenzao majina. Mimi huamini kwamba huruma inaweza kupanuliwa kwa kujuana, na sioni dini ikifanya kazi hiyo vizuri kuliko shule ya bweni. Lakini nakubali kwamba majirani wa 1994 nao walijuana majina, na hapo hoja yangu inachechemea.

Mzazi wa Korogwe

Nawashukuru nyote, na Mwalimu wa Gisenyi nampa shikamoo ya pekee. Jana usiku nilimsomea binti majibu haya, isipokuwa sehemu za tingatinga, ambazo nilizifupisha. Habari ya Ghazali na mtu wa jangwani ilimpendeza kuliko zote, kisha akaipinga palepale: alisema kwamba yeye siku ile alijiweka kweli katika nafasi ya yule mzee, na ndipo alipojua kwamba mzee hatagundua. Kwa hiyo kujiweka katika nafasi ya mwingine ndiko kulikomsaidia kuiba. Ustadh, hilo nimekuletea wewe, mimi limenishinda.

Swali la Mwalimu nilimuuliza pia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba yule mzee alikuwa "mteja". Bibi yake, aliyekuwa akichambua mchele wa vitumbua vya leo, aliinua uso akauliza kama mteja hana jina, na mtoto hakuwa nalo la kumtajia. Kumbe sisi sote tulipompeleka kurudisha fedha tulimwita "babu" tu, tukaomba radhi, tukaondoka. Leo asubuhi amekwenda na kitumbua cha moto kumuuliza, na hajarudi bado.

Ustadh, kama una jibu la kumpa kuhusu lile pingamizi, naomba uliandike kabla ya jioni, kwa sababu akirudi ataliuliza tena.